Anayefundisha ufundi naye afundishwe

Mhariri,

Mliuliza wiki hii: kwa kuwa wanafunzi wa Gredi ya 10 sasa wanaweza kuchagua kazi za chuma, mbao, umeme au ujenzi katika sekondari pevu, Kenya iige mfumo wa mafunzo ya ufundi wa nchi gani? Wengi watawajibu Ujerumani. Mimi pia nasema Ujerumani, ila si kwa sababu ya shule zao.

Mimi ni fundi wa mageti na madirisha hapa Nakuru, na karakana yangu hupokea vijana wa atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, kutoka vyuo vya ufundi. Kijana akifika humpa vipande viwili vya bomba la mraba na rodi ya kuchomelea, nikamwambia aviunganishe. Mara nyingi rodi hunata kwenye chuma kabla moto haujashika. Si kwamba hajasoma. Ukimtaka achore mashine ya kuchomelea atachora na kutaja kila sehemu. Shida ni kwamba chuoni darasa zima linagombea mashine moja na rodi zinanunuliwa kwa kubana, kwa hiyo mkono wake haujazoea umbali, wala sikio halijaujua ule mlio wa moto uliokaa sawa, kama mandazi yanayochemka kwenye mafuta.

Mjerumani anayetaka ufundi wa chuma huanza kwa kutia saini mkataba na karakana. Kwa miaka mitatu na nusu, siku tatu au nne za wiki yuko kazini, siku moja au mbili yuko shule ya ufundi. Karakana humlipa posho ya kila mwezi, na tangu 2020 sheria imeweka kiwango cha chini. Mtihani wa mwisho uko chini ya chama cha mafundi cha eneo lile, na kwenye meza ya watahini wanakaa waajiri, wafanyakazi na walimu.

Hayo husifiwa kila mahali. Kinachonivutia mimi husemwa mara chache: kule kuwa na mashine hakukupi ruhusa ya kupokea mwanafunzi. Katika kazi kama yangu, mwenye karakana kwa kawaida ni fundi mkuu aliyefaulu mtihani wenye sehemu nne. Ya kwanza ni kazi ya mikono, ya pili nadharia yake, ya tatu hesabu za biashara na sheria. Ya nne ni namna ya kufundisha.

Mimi nani alinifundisha kufundisha? Fundi wangu alinilea kama alivyolelewa: shika chuma, kalete chai, tazama, usiulize sana. Ukiwa na jicho kali unaiba ujuzi, ukiwa mzito unabaki kupiga rangi. Mafundi wa jua kali, kuanzia hapa Nakuru hadi Kibuye kule Kisumu na Kakamega mjini, ndio waliowafunza vijana wengi kazi. NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, hutupima kwa mitihani yake ya gredi, na siku hizi upo utaratibu wa kutambua ujuzi tulioupata kazini. Nashukuru. Lakini hapo napimwa kama najua kuchomelea. Hakuna anayeuliza kama naweza kumwelekeza mtoto wa miaka 15 bila kumtusi. Na wakaguzi wanaokuja kuwatazama vijana wa atachimenti nao! Mmoja alipiga muhuri daftari la kijana akiwa bado amesimama mlangoni, hata mshono mmoja hakuutazama.

Lipo la Wajerumani tusilolitaka. Katika majimbo yao mengi watoto hutenganishwa baada ya darasa la nne, wakiwa na miaka kama 10 hivi. Mzazi wa Bahati hapa Nakuru au wa Vihiga hawezi kulikubali hilo, na ana haki. Hapo heri tuwatazame Waswisi. Takriban thuluthi mbili ya vijana wao huingia ufundi baada ya shule ya lazima, na tangu miaka ya 1990 kipo cheti cha ziada kinachowafungulia mafundi wao vyuo vikuu vya sayansi tumizi. Ufini pia cheti cha ufundi hakimzuii mtu kuomba chuo kikuu. Tanzania wameanzisha mkondo wa amali sekondari, na kwa kuwa ni majirani tungeweza kwenda kuuona kwa basi.

Tuliosoma chini ya mtaala wa zamani wa 8-4-4 tunaikumbuka hadithi hii. Mfumo ulipoanza 1985 tuliahidiwa useremala na sayansi kimu, wazazi wakachangishwa pesa za karakana, na shule nyingi vifaa havikufika. Randa tuliichora daftarini. Baadaye masomo hayo yakapunguzwa. Kwa hiyo nikisikia mtaala mpya, huuliza kwanza ni nani atakayesimama karibu na mashine.

Tena kuna suala la bima. Mwanafunzi wa Kijerumani ana bima ya ajali kazini tangu siku ya kwanza. Huku diski ya grainda ikimpasukia mtoto wa watu, bili ya hospitali ni yangu, ya shule au ya mzazi? Juzi shule moja ya jirani imeniuliza kama naweza kuwapokea watoto wao wa Gredi ya 10 likizo ikifika. Nimewajibu watangulize mwalimu wao wa kazi za chuma, tufanye naye kazi wiki nzima, kisha watoto waje na barua inayosema bima ni ya nani.

Fundi wa mageti, Nakuru