Blundell: kanali aliyerushiwa sarafu

Swali: Hivi Michael Blundell wa Kenya alikuwa mwanajeshi au mwanasiasa? Na ni kweli wazungu wenzake walimrushia hela eapoti?

Jibu: Vyote viwili ndugu. Kazaliwa London 1907, akaja Kenya 1925 kulima, vita vya pili akaingia jeshini akafika luteni kanali, halafu 1948 walowezi wa Rift Valley wakamchagua Legco (baraza la kutunga sheria la koloni) na baadae akawa waziri wa kilimo. Sasa kwenye mkutano wa katiba ya Kenya pale Lancaster House, London, 1960 akakubali Waafrika wawe wengi bungeni, kurudi tu Nairobi mlowezi mmoja akamtupia sarafu 30 miguuni, yaani anamwita Yuda, msaliti. Mi naona alikuwa na moyo sana yule mzee! Walowezi wengi walifungasha wakaondoka, yeye akabaki Kenya mpaka alipofariki 1993.