NCLEX: usijihukumu katikati ya mtihani

Mara ya kwanza nilipofanya NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi ya Marekani, nilijihukumu nikiwa kwenye swali la arobaini hivi. Maswali yalikuwa yanazidi kuwa magumu, kila jibu nikiliona la kubahatisha, nikasema moyoni, "Nimeanguka." Tangu hapo sikusoma tena swali lolote kwa makini, nilibonyeza tu. Na kweli nikaanguka.

Nakuandikia wewe unayetoka zamu ya usiku hapa Nairobi, unapanda matatu ya Kayole na kujaribu maswali kumi kwenye simu kabla usingizi haujakushinda. Nimepitia hayo, na laiti ningeelezwa mapema jinsi kompyuta inayotoa mtihani huo inavyofanya kazi.

Kompyuta haikupi maswali yale yale aliyopewa jirani yako. Kila ukijibu, inakadiria upya uwezo wako na kukuchagulia swali ambalo nafasi yako ya kulipata ni karibu nusu kwa nusu. Ukipata, linalofuata huelekea kuwa gumu zaidi. Ukikosa, hushuka kidogo. Kwa hiyo hata mtahiniwa hodari hukosa mengi, na ugumu ulionivunja moyo haukuwa ushahidi kwamba naanguka. Maswali hayapungui 85 wala hayazidi 150, muda ni saa tano. 15 kati yake ni ya majaribio, hayana alama, na huwezi kuyatambua. Mashine husimama ikiwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu ya kiwango cha kufaulu, au chini yake. Ndiyo maana ikizima kwenye swali la 85 usishangilie wala usilie. Sisi tuliolelewa na mitihani ya karatasi tumezoea kuruka gumu na kulirudia baadaye. Hapa huwezi kuruka wala kurudi nyuma. Lijibu, liache liende.

Ukianguka unaruhusiwa kurudia baada ya siku 45, na unapewa ripoti inayoonyesha maeneo uliyokuwa chini ya kiwango. Yangu ilinielekeza kwenye usimamizi wa huduma, na nikatambua kisa chake: nilikuwa nikijibu kama niko wodini kwetu. Kwetu muuguzi mmoja usiku anagawa dawa, anabadilisha shuka, anamsaidia mama kunyonyesha, huku jamaa wakiwa wamewalisha wagonjwa jioni. Mtihani unadhani una timu: muuguzi wa leseni kamili, muuguzi wa ngazi ya chini yake, na msaidizi. Unaulizwa nani afanye nini. Msaidizi anaweza kumwogesha mgonjwa, kumpima uzito, kupima kiasi cha mkojo, kupima presha na joto la mgonjwa aliyetulia. Tathmini ya kwanza, mafunzo kwa mgonjwa na uamuzi ni vyako wewe, na mgonjwa ambaye hali yake inabadilika humwachii msaidizi. Nilijizoeza hilo kwa wiki nyingi, maana kulijua ni rahisi ila mazoea ya wodi hayakutoki upesi.

Tulikuwa watatu, tukikutana Jumamosi kwa mwenzetu anayeishi mtaa wa Umoja. Kila swali tulilokosa tuliliandikia sababu daftarini: sikujua, nilisoma haraka, au nilijibu kwa mazoea ya wodi. Sababu ya tatu ilijaza kurasa.

Halafu kuna lugha ya dawa. Paracetamol huko ni acetaminophen, adrenaline ni epinephrine, salbutamol ni albuterol, pethidine ni meperidine. Sukari ya damu wanaipima kwa kizio kingine pia: 58 yao (mg/dL) ni kama 3.2 (mmol/L) kwenye glukomita zetu, yaani sukari imeshuka, mgonjwa wa kukimbilia. Gawanya namba yao kwa 18 hadi uweze kufanya hivyo bila kufikiri.

Tangu Aprili 2023 kuna pia visa vya wagonjwa, angalau vitatu, kila kimoja na maswali sita yanayomfuata mgonjwa yule yule, na kwenye baadhi ya maswali unaweza kupata sehemu ya alama hata jibu lisipokuwa kamili. Hivi nilijifunzia kazini. Wakati wa kupokea zamu nilisikiliza habari za mgonjwa, kisha kabla ya kusoma mpango wa matibabu nikajiuliza: dalili ipi ina uzito, inamaanisha nini, lipi ni la haraka, nifanye nini, nitajuaje limefaulu? Hakuna programu ya simu iliyonisaidia kuliko hayo.

Ada ya kujiandikisha ni dola 200, na ukifanyia nje ya Marekani huongezwa 150 za kupanga siku, mbali na gharama za bodi ya uuguzi ya jimbo uliloomba leseni. Kwa mshahara wetu hizo si pesa za kupoteza kwa kosa dogo. Mwenzangu mmoja alirudishwa mlangoni kwa sababu jina alilojiandikisha nalo halikuwa sawa na la pasipoti. Sisi wenye majina matatu, yanayobadilishana nafasi kwenye kila cheti, tuko hatarini zaidi. Toa pasipoti yako leo jioni, ulinganishe herufi kwa herufi kabla hujalipa.