Jibu: Kilimanjaro, Marangu siku 5 au Machame siku 7?

Mdau umeuliza upande Kilimanjaro kwa njia ya Marangu siku 5 kwa vile ni bei nafuu au uongeze hela upite njia ya Machame siku 7, mimi nakwambia ongeza hela kama unaweza aisee. Marangu siku 5 mwili hauna muda wa kuzoea hewa nyepesi ya huko juu, unalala Mandara, Horombo, halafu Kibo kwenye mita kama 4,700 na usiku uleule unaamshwa kupanda kileleni 5,895, watu wengi wanaishia njiani na kichwa kinagonga hatari. Machame unapanda mpaka Lava Tower, mita 4,600 na kitu, halafu jioni unashuka kulala Barranco kwenye 3,900 hivi, huko kupanda juu na kulala chini ndo kunasaidia sana.

Ila Machame ni mahema mwanzo mwisho, vibanda vya kulala viko Marangu tu, kwahiyo begi la kulalia liwe la baridi kali kweli, usikubali la kukodi kabla hujalifungua na kulikagua.

Guide ni lazima, hifadhi hawaruhusu upande peke yako. Kampuni ikikupa bei ya chini mno waulize wapagazi wanalipwa shilingi ngapi kwa siku na wanakula mara ngapi, maana punguzo lako mara nyingi linatoka kwenye mifuko yao, na mzigo wa mpagazi mwisho kilo 20. Hilo mi linaniuma kwakweli.

Na usiende Aprili, mvua.