Kabla ya udukuzi, mdogo wangu, soma kompyuta

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nimechoka na duka. Nitajie kozi ya udukuzi ya miezi mitatu." Nilicheka, kisha nikanyamaza. Huyo ni mimi, miaka sita iliyopita.

Nilikuwa karani wa ghala la saruji Morogoro. Nikanunua laptop ya mtumba, nikaweka Kali Linux, mfumo wa kompyuta uliojaa zana za udukuzi, nikawa naiga amri za kwenye video. Skrini nyeusi, maandishi ya kijani, hadi mke wangu akaanza kunitania "mdukuzi". Nikaitwa kwenye usaili Dar. Swali la kwanza: "Ukiandika anwani ya tovuti ukabonyeza Enter, nini kinatokea kabla ukurasa haujafunguka?" Nikajibu, "Intaneti inaufungua." Jamaa aliyekaa pembeni alicheka mpaka akavua miwani. Kicheko kile sijakisamehe.

Nikaanza upya na CS50, kozi ya Harvard ya bure mtandaoni. Inaanza na Scratch, ambako unapanga amri kama vitofali, vya watoto kabisa, halafu inakutupa kwenye C, lugha ya kuandikia programu. Siku moja nilitenga nafasi 10 kwenye kumbukumbu ya kompyuta, nikaandika hadi ya 11. C haikulalamika, ikafuta jumla niliyoihifadhi jirani. Kumbe mnyoo wa Morris, programu iliyojisambaza yenyewe kwenye intaneti mwaka 1988, njia yake mojawapo ya kupenya ilikuwa hiyohiyo: programu ilitenga baiti 512, mnyoo ukaipa 536. Nusu ya amri nilizokuwa naiga zilitegemea jambo hilo, nami sina habari!

Subneti, yaani kugawa mtandao mmoja kuwa midogo, nilizifanyia mazoezi nyuma ya hati za kupokelea mzigo, malori yakichelewa. Mtandao ulioandikwa /26 una anwani 64, toa ya kwanza na ya mwisho ambazo hazipewi mashine, zinabaki 62. Bosi alidhani nahesabu mifuko.

Miaka miwili iliyofuata ni kusoma tu na umeme kukatika.

Sasa niko zamu ya usiku, kazi yangu kusoma logi, yaani rekodi za kila kinachofanywa na mashine, nikitafuta wavamizi. Wiki iliyopita mashine moja ilikuwa ikiuliza DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba, majina marefu yasiyosomeka, kila baada ya sekunde chache. Vijana wawili wenye vyeti kunizidi waliipita: "DNS tu hiyo." Mimi nikasimama hapohapo. Data zilikuwa zikitoroshwa vipandevipande ndani ya majina yale.

Kwa hiyo mdogo wangu, punguza haraka. Soma jinsi kompyuta inavyofanya kazi, soma mitandao, soma Linux, kisha rudia mitandao. Nyie vijana mnataka paa kabla ya msingi! Na mazoezi fanyia kwenye mashine zako mwenyewe; Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, na "nilikuwa najifunza" haitakusaidia mbele ya hakimu. Duka usiliache bado.

Ofisi ile ya kicheko ilitangaza nafasi mwezi uliopita. Nilisoma masharti yote, mstari kwa mstari, nikafunga ukurasa.