Usimhamishe namba tano wako kwenye mstari wa pointi tatu

Makocha wenzangu wa mpira wa kikapu wa vijana, kila msimu nasikia kwamba mchezo wa kugeuzia kikapu mgongo umekwisha. Ninafundisha vijana warefu, akina namba tano wanaocheza karibu na kikapu, na bado nawafundisha huo mchezo, yaani posti. Ila siwafundishi posti ya zamani.

Wanaopinga wana hesabu yao, na hesabu haidanganyi: mitupo 100 ya karibu, ya pointi mbili, ikiingia nusu, unapata pointi 100, ya mbali, ya pointi tatu, ikiingia 36 tu, una 108. Tena tangu msimu wa 2001–02, NBA, ligi kuu ya Marekani, iliporuhusu ulinzi wa kanda, yaani mlinzi kulinda eneo badala ya mtu, mlinzi wa pili anaweza kumsogelea mtu wa posti hata kabla mpira haujamfikia. Hakeem Olajuwon, bingwa wa posti ya zamani, alipoipa Houston ubingwa mwaka 1994 na 1995 hakukutana na ulinzi wa namba hiyo.

Sasa mtazameni Nikola Jokić, namba tano wa Denver. Denver walitwaa ubingwa mwaka 2023 kwa kuifunga Miami michezo 4–1, na mashambulizi yao yalipitia mikononi mwake. Anapokea, anauinua mpira juu ya kichwa, anasubiri. Mlinzi anayemkaba mwenzake Aaron Gordon akigeuza shingo kidogo tu kutaka kusaidia, pasi imeshatoka na Gordon yuko hewani. Posti ya leo inaishi kwa pasi, na mtupo unakuja kwa sababu walinzi wanaiogopa hiyo pasi.

Kwa hiyo mazoezini anza na pasi. Kijana apokee kwa kutua na miguu yote miwili kwa pamoja, ili aweze kugeukia upande wowote. Mpelekee mlinzi wa pili, mara atokee mstari wa mwisho, mara katikati, na kijana ataje kwa sauti upande anakotokea mlinzi huyo kabla hajadundisha mpira hata mara moja. Wengi huanza kudunda papo hapo, na hapo ndipo wanapoporwa.

Kisha wasimamie kwa ukali wale wachezaji wako wanne wengine, maana posti nyingi hufia kwao. Aliyetoa pasi asisimame kutazama. Akisimama, mlinzi wake anaingia ndani kupora. Mmoja akae kona ya mbali, mwingine achomoke kuelekea kikapu.

Wachezeshaji, yaani wanaoongoza mashambulizi, wenye kifua nao wafanye zoezi hilo hilo. Luka Dončić, mchezeshaji wa NBA, akikabwa na mfupi humsukuma kwa mgongo hadi karibu na kikapu, na timu zinazobadilishana watu wa kukaba zitampa mchezeshaji wako nafasi hiyo mara nyingi tu.