AC ya trela ya RV inakata jenereta

SWALI: Nina trela ya RV, yaani nyumba ya safari inayovutwa na gari, yenye AC ya paani ya BTU 13,500 (kipimo cha nguvu ya kupoza). Jenereta yangu ya inveta ni ya wati 2,200, na AC imeandikwa inakula wati 1,500. Feni inazunguka vizuri, ila kompresa ikitaka kuwaka tu, taa nyekundu inawaka na umeme unakatika. Kwa nini?
– Msomaji, Houston, Marekani

JIBU: Wati 1,500 ni za AC ikishashika mwendo. Kompresa ikianza kutoka kwenye kusimama huvuta ampea 50 hadi 60 kwa muda usiofika sekunde. Jenereta yako kileleni inatoa ampea 18. Kwa kazi ya mfululizo ni wati 1,800, yaani ampea 15 za volti 120. Inveta, sehemu ya kielektroniki inayotengeneza umeme wa jenereta, inajikata isiungue, na ni sawa ijikate.

Dawa ni kifaa cha kuwasha kompresa polepole, ambacho mafundi hukiita softistata. Hufungwa ndani ya AC, kwenye nyaya za kompresa, na hushusha mvuto wa kuanza kwa zaidi ya nusu. Chomoa umeme wote kwanza, kisha toa chaji ya kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme kwa muda), maana hubaki na umeme hata ukishachomoa. Kuna kapasita ya kusaidia kuanza, bei yake nafuu, lakini kwa jenereta ndogo hivyo mara nyingi ni hela ya bure.

Ukishafunga, unabakiwa na wati 300 tu za kuchezea. Chaja ya betri peke yake hufika wati 900 betri zikiwa chini, basi zima swichi yake kwenye paneli. Friji na hita ya maji zitumie gesi. Zima eko (hali ya jenereta ya kubana mafuta), acha injini ipate moto dakika 5, washa feni, ndipo baridi. Ukizima AC subiri tena dakika 5 presha ya gesi isawazike; ukiharakisha, kompresa hukwama na jenereta hukata.

Tumia waya wa geji 12 au 10, usiozidi mita 15. Unatakiwa kuweka jenereta mita 6 au zaidi kutoka milango na madirisha, ekzosi ikitazama kwingine: moshi wake unaua aliyelala.

Mchana wa Agosti mvuto wa AC hupanda na wati 300 hizo huyeyuka. Kwa Houston tungefunga jenereta mbili sambamba.

SWALI: Softistata ipo, pwani AC iliwaka, Denver imegoma. Kimeharibika nini?

JIBU: Pengine hakuna. Denver ipo mita 1,600 juu ya bahari, na injini hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kila mita 300. Wati 1,800 zinabaki kama 1,460. Jeti ya kabureta ya nyanda za juu (kitundu kidogo kinachopitisha petroli kidogo zaidi) huzuia injini isizidiwe na petroli, lakini nguvu iliyopotea hairudi. Tafuta jenereta kubwa zaidi, au fungua madirisha. Usiku wa huko mara nyingi hauhitaji AC.