Mwanangu, kuhusu zile kuponi

Uyole, Mbeya
Julai

Mwanangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku baridi imeshika kweli. Asubuhi Loleza haionekani kwa ukungu, na mimi nafungua duka nimejifunga vitenge viwili juu ya sweta. Baba yako hajambo, kikohozi tu cha msimu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema huyo mwenzako mnayeishi naye hapo Ohio ana kabati lenye dawa za meno 19, zote kanunua kwa kuponi, zile karatasi za punguzo, na anakucheka wewe unayelipa bei kamili. Unauliza kama na wewe uanze kukata kuponi na kudai yale marejesho, hela unayorudishiwa baadaye kwa kupiga picha risiti, au ni kujichosha bure. Umeniuliza mimi kwa kuwa nimekaa nyuma ya kaunta miaka 26. Basi nakujibu kama muuza duka.

Ile picha ya kuponi uliyonitumia niliikuza kwenye simu, nikamwita binti wa mwalimu hapa jirani anisomee yale maandishi madogo ya chini. Mambo mawili yakanikaa. La kwanza, kampuni inamwambia mwenye duka kwamba atarudishiwa thamani ya kuponi na senti 8 juu yake za usumbufu. Nikacheka peke yangu. Kumbe mwenye duka hatoi kitu mfukoni, anayelipa ni mtengenezaji. La pili, kuponi yenyewe ukiihesabu kama fedha ina thamani ya senti moja iliyogawanywa mara mia. Karatasi imeandikwa dola moja kwa herufi kubwa nyekundu, lakini ukikataa kununua kile walichokitaja haifikii hata njiti ya kiberiti. Hiyo dola si yako. Ni ya dawa ya meno.

Ukiona punguzo, uliza nani kalilipa. Unakumbuka lumbesa? Viazi vinavyoshuka kutoka Uporoto, gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu linashonewa kilemba juu yake. Mnunuzi anafurahi kupata kilemba bure, kumbe kakilipa mkulima. Wakala wa Vipimo wamepiga kelele na bado magari yanapita hapa Uyole yamebeba vilemba. Sasa hiyo kampuni ya dawa ya meno si mkulima wa Uporoto, hakuna anayeibana. Ikitoa, ina shida yake: imeleta kitu kipya na inataka ukijaribu, au inataka umwache mwenzake uliyemzoea. Ndiyo maana utahangaika sana kupata kuponi ya kabichi. Mwenyewe umeniambia Coca-Cola waligawa karatasi za glasi moja ya bure kule Atlanta tangu miaka ya 1880. Walijua wanachofanya. Glasi ya pili mtu alikuja na hela yake mwenyewe.

Kwa hiyo kuponi tumia, sikukatazi, ila orodha itangulie. Andika ulichopungukiwa jikoni ukiwa umesimama jikoni, ndipo uangalie kama kuna karatasi inayolingana nacho. Ukianza na karatasi utajikuta na dawa za meno 19 na huna chumvi. Na hata ukiwa na kuponi mkononi, angalia kwanza ile bidhaa yenye jina la duka lenyewe iliyo pembeni yake. Mara nyingi bei yake iko chini hata baada ya wewe kukata punguzo lako. Mtu anaona aibu kuichukua kwa sababu boksi lake halipendezi. Boksi haliliwi.

Halafu kuna kile kibandiko kwenye rafu ulichonionyesha, chenye bei kubwa na chini yake kwa maandishi madogo bei ya kila aunsi, kipimo chao cha uzito. Soma hayo madogo. Nilikufundisha ukiwa darasa la nne pale sokoni Mwanjelwa: kabla ya kuuliza bei ya maharage, igeuze sado, ile kopo ya kupimia, uone kitako. Wengine wanakisukuma kitako kwa moto kikapanda juu, sado inaonekana imejaa na ndani kuna pungufu ya viganja viwili. Mama mmoja alikukasirikia siku ile akasema mtoto huyu hana adabu. Adabu ulikuwa nayo. Hiyo aunsi ndiyo kitako cha sado.

Marejesho sasa. Hapo nina kidonda changu.

Ulikuwa mdogo, hukumbuki. Kampuni moja ya sabuni ya kuogea ilileta ofa: mteja arudishe karatasi 10 za sabuni apewe moja bure. Afisa mauzo akaniambia, mama wewe wape kutoka kwenye mzigo wako, karatasi kaa nazo, nitakuja kukurudishia. Nikawapa. Mtaa mzima uliniletea karatasi, nyingine zimelowa, nyingine zimetolewa kwenye dampo zikapanguswa kwa mkono. Nilikuwa nazihesabu usiku kwa taa ya chemli, nazifunga kumi kumi kwa uzi. Zilifika 430, kiroba kizima chini ya kitanda. Afisa alipotokea, akasema mwisho ulikuwa tarehe 30 ya mwezi uliopita, tena kila fungu lilitakiwa kuwa na fomu yake. Fomu hizo sijawahi kuziona hadi leo. Sabuni 43 zikaenda. Baba yako hakusema neno. Alichukua zile karatasi akawa anawashia jiko la mkaa, na kwa wiki nzima ugali wetu ulinukia yasmini.

Tangu hapo najua marejesho yanapigiwa hesabu ya watakaosahau. Wakitaka kukupunguzia si wangekupunguzia pale kaunta? Wanakulipisha bei kamili leo, hela yako irudi baadaye kama utakumbuka, kama tarehe haijapita, kama umenunua saizi ile ile na si ya jirani yake. Wanaokamilisha wanapata kweli. Wewe ukitaka, fanya hivi: piga picha ya risiti ukiwa bado kwenye maegesho, kabla hujafika nyumbani. Zile risiti za mashine hufutika. Za hapa ukiiacha dirishani inabaki karatasi nyeupe, na sidhani za huko zina wino wa ajabu. Na kamwe usiihesabu hela ya marejesho kwenye bajeti ya mwezi mpaka imeingia.

Kadi ya pointi ya supamaketi ukitaka chukua, ila ujue ni nini. Mimi daftari langu la mikopo liliniambia nani kafukuzwa kazi na nani ana mimba kabla mume hajajua. Hilo lao ni daftari kama langu, ila halikai chini ya kaunta.

Nimekwambia vingi vya kukwepa, kuna kimoja ambacho sikuwa nakisema zamani. Huyo mwenzako kuweza kununua dawa za meno 19 kwa mkupuo maana yake alikuwa na hela ya kuzilipia zote siku moja. Mwezi huu mpunga wa Kyela umeshaingia na mahindi yanavunwa. Mwenye hela ananunua gunia sasa, na ikifika Februari bei imepanda yeye anakula tu. Kuponi kubwa kuliko zote hiyo, na haiandikwi popote. Asiye nayo ananunua robo kilo kila jioni, na robo nne hizo zinazidi bei ya kilo. Mafuta ni hivyo hivyo. Kipimo kimoja kimoja, mwisho wa mwezi mtu kalipa bei ya dumu na dumu hana. Ninawauzia mimi, na najua. Kwa hiyo hicho kidogo unachookoa huko usikirudishe dukani. Kiweke mpaka uweze kununua unga wa mwezi mzima kwa siku moja.

Naishia hapa, mtoto wa nyumba ya nyuma amekuja na chupa yake ya soda, anataka mafuta ya shilingi mia tano. Nampimia na tone la juu.

Mama yako